Pikapu Iliyomjua Mwenyewe

Pikapu ya Mama Euphrasie ilikuwa ikiwaka kwa mtu mmoja tu, naye ni Mama Euphrasie mwenyewe. Alunguli nzima, mtaa wetu wa Kindu kando ya mto, ilijua hivyo. Ngandu, fundi wetu wa magari, mwembamba kama kijiti cha mshikaki, alikuwa akiketi kwenye usukani na kugeuza ufunguo. Taa ndogo nyekundu zinajitokeza mbele yake, zinafifia, kisha kimya. Anashuka akitukana. Halafu anapanda Mama Euphrasie, ambaye mwili wake hauhitaji kuelezwa na mtu, kiti kinalia chini yake, anageuza ufunguo uleule, na injini inanguruma.

"Hii gari iko na wivu," Ngandu alikuwa akisema. "Inamujua bibi yake."

"Na weye inakujua pia," Mama Euphrasie alimjibu. "Njo maana inakataa."

Tulicheka hivyo kwa miaka. Kicheko hicho kilitupotezea muda mwingi, kwa sababu jibu lilikuwa ndani yake na hakuna aliyelisikiliza.

Naandika habari za mwanamke huyu kwa kuwa nimechoka na masimulizi ya vita yetu yaliyojaa majina ya wenye bunduki. Wenye bunduki walipita. Walipora, wakaenda, wengine wakarudi wamevaa tai. Aliyebaki ni jirani yangu, ambaye kila asubuhi alipakia mpunga, ndizi na mawese ya wakulima ili mji upate kula. Kama kuna mtu anastahili kuandikwa katika mji huu, ni yeye.

Baba yake alikuja Kindu kutoka Kasai kwa kazi ya reli. Alikuwa fundi wa umeme, na alikuwa na mabinti wawili: Emerance, mkubwa, na Euphrasie. Emerance alipenda jiko na nyimbo za kanisani. Euphrasie alipenda kukaa karibu na baba akipima nyaya. Chombo cha baba kilikuwa balbu moja yenye nyaya mbili: waya mmoja unagusa chuma, mwingine unagusa mahali unapotafuta umeme. Ikiwaka, umeme umefika. Isipowaka, rudi nyuma mpaka pale inapowaka. Elimu hiyo ndiyo urithi aliouchukua Euphrasie, pamoja na bunda la nyaya nyeusi za zamani zilizofunikwa kwa uzi wa pamba, ambazo reli haikuzitaka tena.

Aliolewa na Abedi, kijana wa Kiislamu wa hapa hapa, dereva. Padri hakufurahi, shehe hakufurahi, ndoa ikadumu. Walinunua pikapu kabla ya vita, ikiwa tayari imezeeka. Emerance aliolewa Pangi, mji mdogo ulio mbali na Kindu.

Kisha vita ikaja. Treni ikasimama, chumvi ikapotea, na kila gari lililoweza kutembea likachukuliwa. Wenye magari walijifunza ujanja: ondoa kitu kidogo ndani ya gari, kisionekane, gari lionekane zima lakini limekufa. Na watu wa hapa walijiwekea sheria ambayo sijaisoma popote: mume asijue alichoficha mke, na mke asijue alichoficha mume. Asiyejua hawezi kusema, hata akipigwa.

Mama Euphrasie alikata waya mwembamba unaopeleka amri ya ufunguo kwenye demareri, ile mota inayoamsha injini. Aliukata nyuma ya taa ya kushoto, akaziba ncha kwa udongo. Hakumwambia Abedi.

Askari walikuja mchana, watu wakiwa wanatwanga. Mkubwa wao alimsukuma Abedi ndani ya pikapu.

"Washa."

Abedi aligeuza ufunguo. Kimya.

"Unatuchezea?"

"Afande, hii gari ilikufa zamani. Kuku njo banalala ndani yake."

Kweli kuku mmoja alitoka chini ya kiti akilalamika. Askari mmoja alicheka, mkubwa wao hakucheka. Wakampiga Abedi, wakamleta dereva wao, naye akahangaika mpaka jasho likamtoka. Mwishowe walichukua gurudumu la akiba na huyo kuku, wakaenda zao.

Usiombe kuona jinsi Mama Euphrasie alivyojivuna moyoni, huku akimkanda mumewe kwa maji ya moto. Aliiokoa pikapu yeye. Hivyo ndivyo alivyoamini miaka yote.

Amani ilipotangazwa, aliunga waya wake, akamwita Abedi. "Jaribu." Injini ikawaka. Akamwonyesha mahali. Abedi alicheka, akampigia makofi, akamwita fundi mukubwa. Hakusema jambo lingine. Miaka kadhaa baadaye kisukari kilimchukua, na pikapu ikabaki mikononi mwa mkewe.

Lakini vita iliacha jambo jingine ndani ya nyumba ile. Emerance alikuwa amekimbia Pangi na watoto wake, akaja kujibanza kwa mdogo wake. Siku moja kitenge cha Mama Euphrasie, cha manjano chenye michoro ya mapanga boi ya buluu, zile feni za dari, zawadi ya Abedi ya siku ya kuzaliwa binti yao Joëlle, kilipotea kwenye kamba. Wakati ule kitenge kilikuwa chakula: ungeweza kukibadilisha kwa muhogo. Watoto wa Emerance walikuwa wamekula vizuri juma lile. Euphrasie alihesabu vibaya.

"Yaya," alisema, maana ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, "sema tu. Ulikipeleka soko?"

"Unaniita mwizi mbele ya batoto bangu?"

"Mi nauliza."

"Unauliza kama polisi."

Ndipo Emerance alipotoka nje, akasimama uani, akaapa kwa sauti ambayo majirani wanaikumbuka hata leo: "Kama nilikigusa kile kitenge, macho yangu yazimike!"

Barabara ilipofunguka, alirudi Pangi. Tangu hapo dada hao walionana msibani tu. Na ajabu ya dunia, au tuseme ukatili wake, ni kwamba uzee ulipofika, macho ya Emerance yakaanza kuingia ukungu. Kwanza jicho moja, halafu la pili. Pangi yote ikanong'ona: kiapo kimemkamata. Nasema wazi, maneno hayo yanatia hasira. Mtoto wa jicho huwapata wazee kila pahali, wezi na watakatifu. Lakini mnong'ono hausomi vitabu. Ulifika mpaka kwenye kibanda cha Emerance, naye akaacha kutoka. Akaacha kanisa. Joëlle, ambaye ni muuguzi katika hospitali iliyo ng'ambo ya mto, alimtumia habari za matibabu mara mbili, na mara mbili mama mkubwa alijibu kwamba daktari haondoi kiapo midomoni mwa watu.

Na Mama Euphrasie? Hakusema kitu. Aliponiambia baadaye, alisema hivi: "Sikuamini. Lakini sikukataa pia. Na hiyo njo mbaya zaidi."

Kiangazi kilichopita madaktari wa macho walifika Kindu kwa muda mfupi. Joëlle alimpigia mama yake.

"Mama, mwisho wa kupokea wagonjwa njo kesho kutwa. Wakienda, sijuwe kama batarudi."

Safari hii jibu la Emerance, lililotumwa kwa simu ya jirani yake, lilikuwa tofauti. "Nitakuja. Lakini sipandi pikipiki ya mutu, sipandi gari ya mutu. Aje Euphrasie mwenyewe na pikapu ya Abedi. Anikamate mukono mbele ya mulango yangu, batu bote baone. Asipokuja, basi nimeshajua anavyoniwaza."

Sasa mnaelewa kwa nini pikapu ile, na hakuna nyingine, ilipaswa kwenda Pangi.

Mama Euphrasie aliondoka siku ileile. Hakufika mbali. Baada ya nyumba za mwisho kuna shimo ambalo serikali imelitunza vizuri kuliko shule zetu. Pikapu iliingia humo, ikaruka, ikazima. Ikawaka tena, ikazima. Mara ya tatu haikuwaka hata kwa mwenyewe. Vijana waliisukuma mpaka uani kwake, wakiimba wimbo wa kubeba maiti, mpaka alipowakemea.

Ngandu alifika na mfuko wake wa vyombo. Hakufungua hata kifuniko cha injini.

"Mama Joëlle, njo kontakti. Mi nilisema." Kontakti ni ile swichi iliyo nyuma ya tundu la ufunguo. "Nikuwekee ingine mupya."

"Ngandu, ya kwanza ulitoa."

"Ndiyo."

"Ukaweka ya Goma."

"Ndiyo."

"Ya Goma ukatoa, ukaweka hii. Sasa hii nayo imekufa? Zote zinakufia kwangu? Miye ni mulozi wa kontakti?"

"Za siku hizi ni mbovu, mama. Zinatengenezwa na batu basiokuwa na gari."

Hapa naomba ruhusa ya kusema neno langu. Huo ndio ugonjwa wetu: kitu kikikwama, tunabadilisha bila kukihoji. Nchi hii tumeibadilisha kontakti mara ngapi? Kila mara tunafungua boksi jipya, tunapiga makofi, tunageuza ufunguo, na giza ni lilelile, kwa sababu waya ulioungua uko mahali ambapo hakuna anayetaka kuinama kuutazama.

Mama Euphrasie aliinama. Alifunga kitenge chake vizuri, akatoa balbu ya baba yake kwenye kopo, akasema: "Leo hatubadilishe kitu. Tunapima. Kila kitu kijitetee chenyewe."

Walianza na bateri. Aliwasha taa kubwa za mbele. Zilitoa mwanga mkali hata juani. Alitikisa vichwa vya bateri, havikutikisika. "Bateri haina kesi," alisema.

Wakaenda kwenye demareri. Aliweka gia katikati, akavuta breki ya mkono, kisha Ngandu akaunganisha misumari miwili ya demareri kwa bisibisi. Cheche iliruka na mota ikazunguka kwa nguvu. Demareri nayo ikaachiwa.

Mama Euphrasie mwenyewe akaenda kwanza kwenye waya wake wa vita, nyuma ya taa ya kushoto, maana ndiko alikoogopa kukuta aibu. Kiungo chake kilikuwa kizima, kinang'aa. Alishusha pumzi.

Ikabaki kontakti. Ngandu alifungua plastiki ya chini ya usukani, akalala chali juu ya mkeka, kichwa chini ya tabulo, ule ubao wa vipimo mbele ya dereva, na kugusa kwa balbu waya mnene unaoleta umeme kutoka kwenye bateri. Balbu ndogo iliwaka.

"Unaona?" Sauti yake ilitoka chini kama ya mtu aliye kisimani. "Umeme unaingia vizuri. Hautoki. Mi nilisema kontakti."

Mtu yeyote angekubali. Mama Euphrasie alisimama, mkono kiunoni, akimtazama kuku anayedonoa karibu na miguu ya Ngandu.

"Hii balbu ni ndogo," alisema. "Mutoto mudogo anashiba na kijiko. Hiyo haionyeshi kama chungu kimejaa. Baba alikuwa anasema, waya ukiwa umebakia na uzi mumoja, balbu ndogo itawaka tu. Upe waya kazi ngumu, halafu utajua tabia yake."

Ngandu alichungulia. "Kazi gani?"

"Toa taa ya mbele. Ile kubwa."

Ngandu ni mbishi, lakini si mjinga. Macho yake yaliwaka kabla ya taa. Alichomoa balbu kubwa ya taa ya mbele, akaifungia nyaya mbili, akarudi chini. Akagusa waya uleule.

Balbu haikuwaka. Ilikuwa nyekundu tu ndani, kama kaa linalokufa.

"Ee Mungu," alisema Ngandu taratibu. "Umeme unafika ukiwa na njaa."

"Kabla ya kontakti?"

"Kabla ya kontakti. Haijaingia hata."

"Basi kontakti zangu zote zilikuwa na haki. Bamaskini."

Ngandu aliendelea kuibana balbu kwenye waya. Mama Euphrasie alitaka kuona mwenyewe. Alizunguka upande wa dereva, na kwa sababu hawezi tena kupiga magoti muda mrefu, akaketi kwenye kiti ili achungulie chini ya usukani. Kiti kililia.

Balbu ililipuka kwa mwanga mweupe usoni mwa Ngandu.

"Aiii! Umenipofusha! Umefanya nini?"

"Miye? Umefanya nini weye?"

"Nimeshika tu! Sijatikisika!"

Mama Euphrasie aliinuka nusu. Balbu ikarudi kuwa kaa. Akaketi. Ikawaka nyeupe. Akainuka. Kaa. Akasogea kushoto, akalemea kwa ukuu wake wote. Nyeupe kabisa.

Walitazamana, yeye juu na Ngandu chini.

"Mama Joëlle," Ngandu alisema kwa heshima kubwa, "samahani kwa neno nitakalosema. Siyo wivu. Ni makalio."

Mama Euphrasie alicheka mpaka akashika usukani. Sisi tuliokuwa kwenye ua tukacheka pia. Lakini kicheko chake kilikatika ghafla, akashuka. "Toeni kiti."

Kiti kilikuwa kimefungwa kwa boliti zilizoota kutu, wakazimwagia mawese ya moto, zikakubali. Ngandu alikiinua. Chini yake, juu ya bati la sakafu, palikuwa na zulia kuukuu la mpira. Alilifunua. Waya mweusi, mnene, ulitokea upande wa tabulo, ukafika katikati, ukarudi tena ulikotoka. Waya wa magari huwa na ganda la plastiki. Huu ulikuwa umefunikwa kwa uzi wa pamba.

Mama Euphrasie hakuugusa mara moja.

"Hiyo ni ya reli," alisema. "Hiyo ni ya baba."

"Nani aliipitisha hapa?" aliuliza Ngandu.

Abedi naye alikuwa na siri yake. Alikuwa amekata waya mkuu wa kontakti chini ya tabulo, akaurefusha kwa waya wa baba mkwe wake mpaka chini ya kiti, na hapo akaacha ncha mbili alizoweza kuzitenganisha kwa kidole. Siku askari walipokuja, pikapu ilikuwa imeuawa mara mbili, na kila mmoja wa wenye nyumba alidhani yeye peke yake ndiye muuaji. Amani ilipokuja, aliviringisha ncha zake pamoja, kimyakimya, kabla mkewe hajamwita ajaribu. Hakulehemu, alisokota tu, kama mtu asiyeamini amani kabisa. Miaka ililegeza msokoto, nyuzi zikaungua moja baada ya nyingine, na kilichozishika bado ni uzito wa dereva juu ya kiti, mpaka lile shimo lilipozitikisa na hata uzito huo usitoshe tena kuamsha mota.

Lakini uzito huo ulikuwa ukikandamiza juu ya nini? Chini ya kiungo palikuwa na kifurushi cha nguo, kimekunjwa vizuri kama mto, kuinua kiungo kisiguse bati. Kipande cha nguo hiyohiyo, kilichopakwa utomvu wa mpira, kilikuwa kimezungushwa kwenye ncha. Wakati wa vita hapakuwa na utepe wa mafundi.

Ngandu alivuta kifurushi, akakikunjua. Panya walikuwa wamekila pembeni, mafuta yalikuwa yamekitia weusi. Katikati kilikuwa kizima.

Manjano. Mapanga boi ya buluu.

Sijawahi kuona mtu akikaa chini namna ile. Hakuanguka; aliketi juu ya tairi, polepole, akakipokea kitenge, akakilaza magotini. Ngandu, ambaye hakujua habari za kiapo vizuri, alianza mzaha fulani, akauacha njiani.

"Abedi," alisema Mama Euphrasie. Alikuwa akizungumza na kitenge. "Abedi weye. Uliniona nikimufukuza yaya wangu kwa macho. Ukanyamaza."

Akalipapasa tundu moja la panya.

"Na kisha vita ilikwisha, akaninunulia kitenge kingine, bila sababu. Mi nikasema, angalia mapendo! Na kila mara lori ikienda Pangi, sabuni kwa Emerance, samaki kwa Emerance. Nilikuwa nasema huyu mume ana moyo." Akakipiga kitenge kwa kiganja. "Moyo! Deni hiyo!"

Kisha akacheka, machozi yakimtoka, akapenga kwa pembe ya kitenge anachovaa, si kile cha magotini. Akasimama.

"Ngandu, funga mudomo, inzi wataingia. Tufanye kazi. Yaya ananingoja."

Kwanza walitoa waya wa bateri, wasije wakachoma gari na nyumba pamoja. Kisha Ngandu akang'oa waya wote wa mzunguko. Ncha zilikuwa nyeusi, zikavunjika kama majani makavu. Mama Euphrasie alichagua waya mpya, mnene kama ule wa asili, mfupi, wa kwenda moja kwa moja chini ya tabulo bila safari ya kutembelea kiti. Juu ya mbabula, jiko lake la makaa, sombe, yale majani ya muhogo, ilikuwa ikichemka. Aliisogeza sufuria na kuingiza kwenye makaa nyundo ndogo ya shaba ya baba yake. Ilipokuwa moto, aliyeyusha risasi laini ya kulehemu juu ya viungo, mpaka ikang'aa na kuingia katikati ya nyuzi. Akasubiri ipoe. Akafunga utepe. Ngandu alivuta kwa nguvu zake zote, ambazo si nyingi, lakini kiungo hakikusikia.

Wakarudisha bateri. Balbu kubwa ikapimwa tena kwenye mlango wa kontakti, kiti kikiwa bado nje uani, bila mtu wa kukilemea. Ilimeremeta mpaka hatukuweza kuitazama.

Kiti kikarudishwa. Mama Euphrasie alimpa Ngandu ufunguo.

"Weye."

"Mama, hii gari hainipendi."

"Panda."

Alipanda. Kiti hakikulia hata kidogo. Aligeuza ufunguo, na injini ikashika mara moja, bila kikohozi. Ngandu alitoa mikono yote miwili nje ya dirisha.

"Imenikubali! Batu ba Alunguli, mushuhudie! Imenikubali!"

Aliizima, akaiwasha. Akaizima tena, akaiwasha. Mama Euphrasie alimwambia aache kuitongoza, petroli si maji ya mto. Lakini mabega yake, ambayo nilikuwa nimeyazoea yakiwa yamepanda juu, yalikuwa yameshuka.

Tuliondoka kulipopambazuka, yeye kwenye usukani, mimi na Ngandu nyuma kwa ajili ya kusukuma. Katika lile shimo letu la heshima pikapu iliingia, ikaruka, sisi wa nyuma tukagongana vichwa, na injini ikaendelea kuimba. Ngandu alilitemea mate shimo lile kwa furaha. Hatukusukuma popote, isipokuwa pale kwenye matope baada ya mji wa Kalima, na hilo si kosa la umeme.

Pangi, watu walikuwa wamejaa mbele ya nyumba ya Emerance. Wengine waliletwa na upendo, wengine na umbeya. Alikuwa ameketi mlangoni kwenye kiti cha mianzi, amevaa nguo ya kanisani, uso umeelekea barabarani, macho meupe kama maji ya mchele.

Mama Euphrasie alishuka. Hakusalimu kwanza. Alikwenda moja kwa moja akapiga magoti, yeye ambaye magoti yanamkataa, na kuweka kitenge mikononi mwa dada yake.

"Hii ni nini?" aliuliza Emerance. Vidole vyake vilitembea juu ya matundu ya panya.

"Yaya, ni kitenge yangu." Alisema kwa sauti ya kuapia, ili hata wa nyuma wasikie. "Cha manjano. Abedi alikificha ndani ya pikapu wakati wa vita, kufunga waya, ili askari wasiipeleke. Ilikuwa chini ya kiti changu. Nimekikalia miaka yote hii, na miye nikasema ni weye. Yaya, nilikosa. Kiapo chako kilikuwa safi. Macho yako ni ugonjwa tu, na ugonjwa una dakitari."

Mwanamke mmoja aliyekuwa mbele kabisa, ambaye nadhani alikuwa amenong'ona sana, alianza kurekebisha kilemba chake kisichohitaji kurekebishwa.

Emerance alinusa kitenge.

"Kinanuka mafuta," alisema.

"Ndiyo, yaya."

"Kwa hiyo mwizi alikuwa gari."

"Ndiyo, yaya."

"Na weye uliketi juu ya mwizi."

"Kila siku, yaya."

Kope za Emerance zilitetemeka, kisha tumbo lake, na kumbe ni kicheko, kile kicheko kikubwa ambacho majirani wa zamani wa reli wanasema kilikuwa kikisikika ng'ambo ya mto. Alinyoosha mkono. "Basi nikamate. Batu baone."

Tulifika mtoni siku ya mwisho ya kupokea wagonjwa, Joëlle akiwa ng'ambo anapunga mkono kama mtu anayefukuza nyuki. Walimpokea. Wakamfanyia jicho la kulia, lililokuwa baya zaidi.

Asubuhi ya kufungua bendeji, Mama Euphrasie alikuwa ameketi kando ya kitanda. Alikuwa amekifua kitenge kwa sabuni na majivu mpaka rangi ikarudi, akakishika kifuani kama bendera, kiwe kitu cha kwanza kuonekana. Muuguzi alibandua pamba. Emerance alipepesa, akapepesa tena. Chozi lilitoka. Alitazama uso wa mdogo wake muda mrefu, uso ambao ukungu ulikuwa umemfichia, na sasa umekuwa wa bibi. Kisha jicho likashuka kwenye kitenge.

Alikikazia.

"Njo hiki?"

"Njo hiki, yaya."

"Rangi mbaya hivi?" Emerance alisema. "Miye niibe hiki?"